Piza ya Jinja, Kahawa ya Mbale: Mgeni Amekuja, Mwenyeji Amepona?

Jinja haijapata kuwa mji wa Waitaliano. Haina misheni kubwa za Wamisionari wa Comboni kama zile za Gulu na Karamoja, wala hoteli za Waitaliano kama Malindi. Mbale vivyo hivyo. Hata hivyo, mtu akikaa mezani leo katika mitaa ya kifahari ya Jinja, kwenye Nile Crescent, Jackson Crescent au Kisinja Road, ni nadra aletewe orodha ya vyakula isiyo na piza au tambi. Mbale nako, katika hoteli za Senior Quarters chini ya jabali la Wanale, tambi za nyama ya kusaga zimepangwa ukurasa mmoja na kuku wa kuchoma na matoke.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Chakula cha kigeni kimekuja mashariki mwa Uganda, kimepata wateja na kimepewa mitaa mizuri kuliko yote. Je, mkulima wa nyanya wa Bulambuli amepona? Mfugaji wa Kapchorwa, kijana aliyehitimu upishi, mzee wa Bududa mwenye mibuni yake mlimani, wamepona? Jibu langu ni kwamba wamepona nusu, na nusu iliyobaki iko ndani ya uwezo wetu wenyewe. Mgahawa wa Kiitaliano katika miji hii miwili usipimwe kwa kufanana na Napoli. Upimwe kwa mambo mawili: ni kiasi gani cha kilichomo sahanini kimetoka katika mashamba yanayouzunguka mji, na ni nani katika mji huo anayemudu kukaa akala.

Nyumba zilivyogeuka migahawa

Tuanze na mitaa yenyewe. Enzi za Waingereza, Jinja ilipangwa kwa ubaguzi usiofichwa. Wazungu waliwekwa upande wa mto na ziwa, kwenye viwanja vipana vyenye miti mikubwa. Wahindi walikaa kwenye barabara za maduka, wengi wakilala palepale walipofanyia biashara. Waafrika walipangiwa Walukuba, kwenye nyumba ndogo za wafanyakazi wa viwanda. Fedha ya kuilisha mitaa hiyo ilikuwepo. Kiwanda cha sukari cha Kakira, cha Muljibhai Madhvani, kilianza mwaka 1930. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954, na umeme wake ukavuta viwanda vya nguo na bia kuja kando ya mto. Kwa miaka karibu ishirini Jinja ilikuwa karakana ya Uganda nzima.

Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Maduka na nyumba zikagawiwa, na nyingi zikaangukia mikononi mwa watu wasiokuwa na uwezo wala nia ya kuzitunza. Mapaa yakavuja, viwanda vikasinyaa kimoja baada ya kingine. Mbale, mji ambao nao barabara zake za maduka zilijengwa kwa kiasi kikubwa na Wahindi, ulipata pigo lilelile. Miaka ya 1990 serikali ya Rais Museveni ilipoanza kurudisha mali kwa wenyewe, wapo waliorudi kuishi, na wapo waliouza au kukodisha.

Wakati huohuo kukatokea jambo jipya mtoni. Mwaka 1996 safari za kibiashara za kushuka maporomoko ya Nile kwa boti za mpira zilianza, na vijana wa Uingereza, Australia, Marekani na kwingineko wakaanza kumiminika. Baadaye wakafuata wafanyakazi wa kujitolea, wamisionari wa makanisa ya Marekani, wahandisi wa mabwawa, kisha wakazi wa Kampala wenye magari, kwa kuwa Jinja iko kiasi cha kilomita 80 tu kutoka mji mkuu. Tangu 2015 tamasha la muziki la Nyege Nyege likaongeza maelfu ya vijana kwa siku chache karibu kila mwaka.

Wageni hawa walihitaji vitanda na chakula, na nyumba zilikuwepo zikisubiri: pana, zenye veranda, zenye bustani na miembe ya miaka mingi. Ndivyo nyumba za kuishi za enzi ya ukoloni zilivyogeuka nyumba za wageni, na ndiyo sababu migahawa mingi ya Jinja ni ya bustanini. Gately on Nile, 2 Friends na Surjio's ni majina ambayo wasafiri wanayafahamu, na mawili ya mwisho wamezoea kuyataja pamoja na piza.

Chakula cha Kiitaliano bila Waitaliano

Afrika Mashariki ina njia zaidi ya moja ambazo chakula cha Italia kimeingilia, na ni vizuri kuzitenganisha.

Njia ya kwanza ni ya Malindi na Watamu. Huko Waitaliano walikuja wenyewe. Miaka ya 1960 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Roma, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walijenga kituo cha kurushia setilaiti baharini kwenye Ghuba ya Ungwana, na Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Baada ya wanasayansi wakaja watalii, baada ya watalii wakaja wenye hoteli, na leo vijana wa Malindi wanazungumza Kiitaliano bila kuwahi kupanda ndege. Huko mpishi, mwenye mgahawa na mteja wanaweza wote kuwa Waitaliano, na mwenyeji akawa mhudumu tu.

Njia ya pili ni ya mji mkuu. Kololo na Nakasero, Kampala, kuna migahawa kama Mediterraneo na Mamba Point, ambayo iko jirani na balozi, mashirika ya kimataifa na makampuni makubwa. Mteja wake analipwa mshahara wa dola au amealikwa na anayelipwa dola.

Njia ya tatu ni ya Jinja, na kwangu ndiyo yenye mafunzo mengi. Hapa chakula kimekuja bila watu wake. Mwenye mgahawa anaweza kuwa Muganda, Msoga, Mhindi, Mholanzi au Mwaustralia. Mpishi karibu kila mara ni kijana wa hapahapa Uganda. Mteja ametoka popote duniani. Chakula cha Kiitaliano kimechaguliwa kwa sababu ya kazi kinayofanya, na kazi hiyo ni kuwaweka meza moja watu wasiofahamiana ladha. Meza ya vijana wanane waliotoka mtoni jioni ina asiyekula nyama, ina Muislamu, ina anayeogopa pilipili, ina ambaye hajawahi kuona matoke. Piza inawatosha wote, inakatwa na kugawanywa, na kila mmoja anajua inavyofanana kabla haijafika. Mwenye mgahawa naye anaipenda kwa sababu zake: unga, nyanya na jibini hugharimu kidogo ukilinganisha na nyama, na faida yake ni nzuri.

Lakini Waitaliano hawajakosekana Jinja kabisa. Kampuni ya Salini ya Italia ndiyo iliyojenga bwawa la Bujagali, la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012, na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyojenga bwawa kuu la Ethiopia kwenye Nile ya Buluu. Maji ya bwawa la Bujagali yaliyafunika maporomoko ya Bujagali yaliyokuwa yakileta wageni, na biashara ya boti ikasogea chini, kuelekea Kalagala na Itanda. Kwa hiyo alama kubwa ya Italia katika mto huu ni ya zege. Piza ilikuwa na njia yake nyingine.

Tuifungue piza

Ili kujua mgahawa unamlisha nani zaidi ya aliyeketi, ni lazima tukichukue chakula chenyewe na kukitenga kipande kwa kipande.

Unga ndio msingi. Uganda huagiza sehemu kubwa mno ya ngano yake kutoka nje. Jinja yenyewe iliwahi kuwa mji wa unga, kwa kuwa kiwanda cha serikali cha Uganda Grain Milling kilikuwa hapo. Ngano kidogo inalimwa kwenye miinuko ya Sebei, Kapchorwa, Kween na Bukwo, ubavuni mwa mlima Elgon, lakini haitoshi. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, kila mpishi wa mashariki alilipa: chapati zikapanda bei au zikapunguka ukubwa, na piza nazo vivyo hivyo. Hapa mgahawa wa kifahari na kibanda cha kando ya barabara wako mtumbwi mmoja.

Nyanya, vitunguu, pilipili hoho na majani ya viungo ni habari njema. Miteremko ya Elgon ina udongo wa volkano na mvua ya kutosha, na malori ya nyanya, vitunguu na kabichi hushuka kutoka huko kwenda masoko ya Mbale, Jinja na Kampala. Mrehani na rozimari hustawi kwenye bustani yoyote ya Jinja inayomwagiliwa. Mchuzi wa nyanya ukipikwa kutokana na nyanya mbichi badala ya kopo, fedha inabaki Bugisu.

Mafuta ya zeituni hayana mbadala wa hapa. Yanaingia Mombasa, yanapita Malaba au Busia, yanavuka Jinja yakiwa ndani ya kontena, na mara nyingi hufika kwa wauzaji wa jumla wa Kampala kwanza ndipo yarudi Jinja kwa bei nyingine. Kwa kukaangia, hata hivyo, mji una mafuta yake: kiwanda cha Bidco kiko Jinja kikisafisha mawese.

Sasa jibini, ambapo ndipo fedha nyingi inapopotelea. Jibini ya Uganda hutoka hasa magharibi, kwenye ng'ombe wa Mbarara na Kiruhura, ikasafiri mpaka Kampala, kisha Jinja. Lakini tufanye hesabu. Kilo moja ya mozarela huhitaji lita kumi hivi za maziwa. Piza moja hula gramu 100 hadi 150 za jibini, yaani lita moja ya maziwa au moja na nusu. Mgahawa unaooka piza 30 kwa usiku unahitaji lita 30 hadi 45. Hayo ni maziwa ya ng'ombe watatu au wanne tu wa kisasa wanaofugwa zizini, na wafugaji wa aina hiyo wako Kapchorwa na Mbale.

Na mozarela si jibini ya kukaa ghalani miezi. Maziwa hupashwa moto hadi vuguvugu, huwekwa tindikali na dawa ya kugandisha, mgando hukatwa kwa kisu kirefu vipande vidogo, maji yake hutolewa, kisha bonge hilo hutumbukizwa kwenye maji ya moto karibu ya kuchemka na kuvutwa kwa mikono mara nyingi, likunjwe, livutwe tena, mpaka ling'ae na kunyooka kama hariri. Asubuhi ni maziwa, jioni ni chakula. Kinachohitajika ni usafi, kipimajoto, maji mengi na mikono iliyofundishwa. Sioni kwa nini jambo hili lisubiri Mbarara.

Kipande cha mwisho ni moto. Piza ya Napoli huokwa kwenye joto la nyuzi 430 hadi 480 kwa sekunde 60 hadi 90. Tanuri la kutoa joto hilo hujengwa kwa tofali na udongo, na mafundi wa tofali Busoga wako kila kijiji. Wapishi wa mikate ya vijijini wanaoka kwa tanuri za kuni miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo tanuri si kikwazo kwa ujenzi wake. Kikwazo ni kwamba huchukua saa moja au mbili kupata moto, na huwezi kuliwasha kwa ajili ya mteja mmoja. Sigiri huwashwa kwa chapati moja. Tanuri hudai umati. Ni jambo la kusikitisha pia kwamba Jinja, ambayo mto wake una mabwawa ya Nalubaale, Kiira, Bujagali na Isimba, bado inapika kwa kuni na makaa kwa sababu umeme ni ghali kwa mpishi.

Ukijumlisha, piza ya Jinja inaweza leo kuwa ya Elgon na Busoga kwa zaidi ya nusu ya thamani yake, bila kuvumbua chochote kipya. Baadhi ya migahawa inafanya hivyo kwa nyanya na mboga. Kwa jibini, karibu yote bado inaangalia magharibi.

Mbale na kikombe kinachosafiri

Mbale ni mji wa namna nyingine. Ulianzishwa na Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne iliyopita, ukakua kwa pamba na kahawa, na tangu 1954 umekuwa makao ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Bugisu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilifunguliwa hapo mwaka 1988. Una hospitali kubwa ya rufaa, na hospitali ya CURE inayotibu watoto wenye maradhi ya ubongo na uti wa mgongo. Mgeni wa Mbale ni daktari, mwalimu, mwanafunzi, mnunuzi wa kahawa au mtumishi wa shirika. Mtalii hupita tu akielekea maporomoko ya Sipi, na pengine hulala hukohuko Kapchorwa.

Kwa sababu hiyo tambi na piza za Mbale hazijapata mtaa wao. Zinapikwa jikoni mwa hoteli, kwa mteja aliyekuja kwenye semina, na kwa familia ya mjini inayosherehekea mahafali. Mji una Waislamu wengi, kwa hiyo nyama ni ya ng'ombe au kuku iliyochinjwa kwa sheria, na hakuna anayeona upungufu. Hili peke yake linaonyesha chakula cha Italia kinavyoweza kukubali sharti la mwenyeji.

Lakini uhusiano wa kweli wa Mbale na Italia uko ndani ya gunia la kahawa. Kwa miaka mingi sasa Italia ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa kahawa ya Uganda. Katika mwaka wa fedha 2023/24 Uganda iliuza nje magunia zaidi ya milioni 6 ya kilo 60, yaliyoleta zaidi ya dola bilioni 1, na Italia ndiyo iliyochukua sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Sehemu kubwa ya hiyo ni robusta, ile inayolimwa Buganda na Busoga, ambayo wakaangaji wa Italia huichanganya ili espreso iwe nzito na yenye povu. Arabika ya Bugisu, inayolimwa kwenye miteremko ya Bududa, Sironko na Manafwa, ina wateja wake wanaolipia ladha.

Hesabu ya kikombe ni hii. Kilo moja ya kahawa iliyokobolewa, ikikaangwa, hupoteza karibu sehemu moja ya sita ya uzito wake, zibaki gramu 830 hivi. Espreso moja hutumia gramu 8. Kilo hiyo basi hutoa vikombe karibu mia moja. Kikombe kikiuzwa shilingi 7,000 kwenye mgahawa wa mtaa wa kifahari, kilo moja imekuwa shilingi 700,000. Hata katika misimu ya bei nzuri ya 2024 na 2025, mkulima hakupata sehemu moja ya ishirini ya fedha hiyo kwa kilo. Kuna kodi ya jengo, mashine, maziwa, umeme na mishahara katikati, na hizo ni gharama halali. Lakini zikifanyika Mbale, zinalipwa Mbale. Zikifanyika Trieste au Torino, zinalipwa huko.

Swali hili limeshafika Bungeni. Februari 2022 serikali iliingia mkataba na Uganda Vinci Coffee Company, kampuni ya mwekezaji kutoka Italia, ili kahawa isindikwe nchini. Nia ya kuongeza thamani nyumbani ilikuwa ya haki. Masharti ya upendeleo aliyopewa mnunuzi mmoja ndiyo yaliyozua ghadhabu kwa wakulima na wabunge, na kamati ya Bunge ikapendekeza mkataba usitishwe. Fundisho lake ni kwamba thamani haiongezwi kwa kumkabidhi mtu mmoja zao lote.

Njia yenye matumaini zaidi ni ile ya wengi wadogo. Ushirika wa Gumutindo wa Mbale umewaunganisha wakulima wa Elgon na masoko ya biashara ya haki. Kampuni ya Endiro, ya Uganda, imefungua migahawa ya kahawa na inanunua kutoka kwa wakulima wa Bukalasi, Bududa. Mtu akinywa kapuchino ya kahawa iliyolimwa Bududa, ikakaangwa Uganda, ikapikwa na binti wa Mbale kwenye mashine ya Italia, Italia imetuuzia ufundi na sisi tumebaki na zao. Biashara ya namna hiyo naikubali.

Chapati ilivyokuwa yetu

Wapo watakaosema piza ni ya wageni na itabaki yao. Wakumbuke chapati. Ililetwa na Wahindi, wale wa reli na wale wa maduka, na ilikuwa chakula cha nyumba zao. Leo hakuna kona ya Jinja wala Mbale isiyo na kijana wa chapati, na rolex, yaani chapati iliyokunjwa na yai, ambayo masimulizi mengi yanasema ilianzishwa na vijana kutoka Busoga, imekuwa nembo ya Uganda kiasi cha kufanyiwa tamasha Kampala tangu 2016.

Mtazame mwuza rolex akifanya kazi. Meza ya mbao, sigiri moja, chuma kimoja cha bapa, kikombe cha plastiki. Anakata kitunguu, nyanya na kabichi moja kwa moja ndani ya kikombe, kisu kikitembea kuelekea kidole gumba bila kukigusa. Anapasua mayai mawili, anatia chumvi, anapiga kwa uma, anamwaga kwenye mafuta. Kabla yai halijakauka juu, analaza chapati juu yake ili vishikane, anageuza, anakunja, anafunga kwenye karatasi. Mteja wa boda boda hajazima hata injini. Bei ni shilingi 2,000 au 3,000.

Chapati ilifaulu kwa sababu tatu. Ilipikika kwenye jiko ambalo kila mtu analo. Ilijazwa kwa vitu vya hapa: mayai, nyanya, kabichi. Na iliuzwa kwa fedha iliyo mfukoni mwa kibarua. Wasomali walifanya hivyohivyo na tambi walizozikuta mikononi mwa Waitaliano waliowatawala: wakazipika na viungo vyao, wakazila na ndizi mbivu pembeni, na leo ukienda Kisenyi ya Kampala au Eastleigh ya Nairobi utazila kama chakula cha Kisomali. Pwani nako tambi za nazi na sukari ni futari ya kawaida mwezi wa Ramadhani, na hakuna anayekumbuka kuuliza zilitoka wapi.

Piza ya Jinja imeshindwa mitihani miwili kati ya hiyo mitatu. Huanzia shilingi 25,000 hivi, ambayo ni rolex kumi. Na tanuri lake, kama nilivyoeleza, linadai umati ambao mtaa wa kifahari haunao kila usiku. Mwezi Machi 2020 uwanja wa ndege ulipofungwa kwa ajili ya korona, wageni wa nje wakakatika siku moja, na haukufunguliwa kwao mpaka Oktoba. Mgahawa unaomtegemea mgeni peke yake uko mikononi mwa mambo yanayoamuliwa mbali. Mwuza rolex anategemea njaa ya jirani.

Kazi iliyo mbele yetu

Nina mapendekezo manne, na yote yanaanza na vitu vilivyopo.

Kwanza, chuo. Jinja ndiyo nyumbani kwa chuo cha taifa cha hoteli na utalii, pale Crested Crane. Vijana wanaotoka hapo wanajua kukanda unga na kupanga meza. Wafundishwe pia kutengeneza jibini mbichi na kukaanga kahawa, kwa kuwa hizo ndizo hatua mbili ambapo fedha ya mkulima hutoroka. Mpishi anayeweza kutengeneza mozarela yake ana nguvu mbele ya mwajiri, na kesho anaweza kujiajiri.

Pili, mikataba midogo. Nile Breweries, yenye kiwanda Njeru ng'ambo ya mto, imeonyesha kwamba wakulima wa Sebei wanaweza kulima shayiri kwa mkataba na kuifikisha kwa ubora unaotakiwa. Migahawa kumi ya Jinja ikiungana kuagiza maziwa, nyanya na ngano kwa msimu mzima, kwa bei iliyokubaliwa kabla, vyama vya ushirika vya Kapchorwa na Mbale vitajua vipande nini na vifuge wangapi. Mgahawa mmoja peke yake hauwezi, kumi inaweza.

Tatu, uwazi mezani. Orodha ya vyakula iseme nyanya zimetoka wapi, jibini ya nani, kahawa ya kijiji gani. Mgeni aliyesafiri maelfu ya kilomita kuja kwenye chanzo cha Nile angependa kujua kwamba anakula Elgon. Mwenyeji naye akilisoma jina la wilaya yake kwenye karatasi hiyo, atajua kwamba mahali hapo panamhusu.

Nne, na hili ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, tanuri lihamie sokoni. Jinja na Mbale zote zilipata masoko makuu mapya ya ghorofa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na tangu Julai 2020 zote ni majiji yenye mabaraza yake. Sokoni kuna umati ambao mtaa wa kifahari hauna. Baraza la jiji lijenge tanuri moja la pamoja la tofali, wapishi wakodi zamu kwa saa, na moto mmoja uwahudumie watu kumi: asubuhi mikate, mchana piza ndogo zenye nyanya, kitunguu na jibini kidogo, jioni samaki wa ziwani na viazi vitamu vya kuoka. Kipande kiuzwe kwa bei ya rolex. Tanuri likishirikiwa, kuni hupungua kwa kila mlo, na gharama iliyokuwa ikimshinda mpishi mmoja hugawanyika.

Simchukii mwenye mgahawa wa bustanini. Alikarabati nyumba zilizokuwa zikianguka, akaajiri vijana, akawapa wageni sababu ya kulala usiku wa pili. Aendelee. Lakini biashara yake itakuwa na mizizi pale tu mji unaomzunguka utakapoweza kula anachopika na kumuuzia anachopikia. Ubavuni mwa Elgon kuna udongo, maji, ng'ombe, kahawa bora na vijana wenye mikono myepesi. Kazi iliyobaki ni ya mabaraza ya majiji, chuo cha hoteli, vyama vya ushirika na wenye migahawa kukaa pamoja na kuandikiana mikataba. Mkataba wa kwanza uwe wa maziwa, kwa sababu ndiyo hasara kubwa kuliko zote leo na ndiyo rahisi kuliko zote kuizuia.